Kikombe cha Maji Chini ya Tangi

Kwako kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji, na huyo binti yenu anayejifunga kitambaa kichwani na kujiita fundi. Natumaini mko wazima, na kile kikohozi cha shemeji kimeshapoa. Sisi huku hatujambo. Tunakula, tunalala, na Mama bado anatuamsha kwa kelele za masufuria kama zamani. Goti la Baba ni lile lile, halipindi, ila mwenyewe anasema limepona, na anayebisha anaambiwa washindane mbio mpaka kona.

Kaka, kabla hujaendelea kusoma, nisikilize. Kama barua hii umepewa na dereva wa lori la saruji, na ile mashine ya kujazia upepo iko juu ya lori lake au imeshateremshwa uani kwako, iache hapo hapo ilipo. Usiichomeke kwenye umeme. Usiijaze upepo hata wa kupulizia vumbi. Mtoto asiikaribie. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue la kufanya. Nakujua wewe, ukiona mashine mikono inakuwasha. Safari hii jikaze, nakusihi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu kama watu wengine. Nimepiga, kaka, mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza tuliongea habari za mvua. Mara ya pili ukanipa mtoto akaniimbia wimbo wote, na kiitikio akarudia mara nne. Mara ya tatu ukaniambia umeshamwaga zege la kuikalisha mashine, pembeni ya ukuta wa jiko, ukacheka kwa furaha, mimi nikakuaga nikakata simu. Mdomo wangu kwenye simu ni mwepesi kwa kila jambo isipokuwa lile lenyewe. Kwenye karatasi angalau sitakusikia ukinyamaza.

Basi niianzie pale ilipoanzia.

Babu unamkumbuka. Wewe ndiye uliyeibatiza mashine yetu jina hilo, kwa sababu ya kikohozi chake kabla ya kuwaka. Na ile kazi ya kila jioni, ya kufungua koki ya chini ili maji yanayojikusanya ndani ya tangi yatoke, ukasema ni kumkojolesha Babu, na neno likabaki. Mpaka leo Baba akiwa anafunga mlango wa gereji huuliza kama Babu amekojoa. Mwezi uliopita kuna mteja wetu mmoja, mwuguzi, aliyasikia hayo, akanivuta pembeni akanipa pole, akaniuliza huyo babu ana miaka mingapi na kama amewahi kupimwa kibofu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijacheka hivyo tena, maana gari la mwuguzi huyo huyo ndilo lililofumua kila kitu.

Ni gari dogo jeupe, mlango wa kushoto ulikwaruzwa na nguzo. Kazi ya siku mbili tu. Nikanyoosha bati, nikapaka puti, nikapiga msasa mpaka kiganja kikawa laini kama cha mtoto, nikaweka praima, ile rangi ya chini. Nilipofika kwenye rangi ya mwisho, bunduki ya kupulizia rangi ikaanza kutema mate. Matone ya maji, kaka, katikati ya rangi mbichi! Mlango mzima ukaota vipele. Nikaukwangua, nikarudia. Ikatema tena. Na Babu mwenyewe alikuwa na vituko vyake: anawaka, dakika mbili tu amejaa, anazima, napuliza kidogo, upepo umeisha, anawaka tena. Mota ikapata moto mpaka ikanuka.

Baba akaja, akaushika mlango kwa ncha ya kidole, akanusa kidole, akaniuliza kama Babu alikojoa jana. Nikasema ndiyo. Akauliza, na juzi? Nikasema ndiyo, kila siku, kwani ameanza lini kuniona mzembe? Nilijibu kwa ukali, si unajua nikibanwa nakuwa mkali. Baba akaniomba radhi. Alisema hakukusudia kunitilia shaka, ni uzee tu unamfanya aulize mara mbili. Kisha akasema kama maji ya tangi yanatolewa, basi ubovu uko kwenye pampu na swichi ya presha. Akavuta kigoda chake, akanyoosha lile goti, akaifungua pampu. Siku mbili nzima alikuwa anatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo.

Alhamisi Mama alimpeleka hospitali kwa ajili ya goti, nikabaki peke yangu. Nikachukua spana namba kumi na saba nikamgonga Babu. Unakumbuka Baba alivyotufundisha: tangi zima ukiligonga linalia na sauti inakwenda mbali, tangi lililoliwa na kutu halilii. Nikagonga juu, likalia. Nikagonga ubavuni, likalia. Nikalala chali sakafuni, nikagonga tumbo. Dup. Basi. Nikasogeza spana kiganja kimoja mbele nikagonga tena. Dup. Nikageuza kichwa, nikakiona kigoda cha Baba, hatua mbili kutoka pale. Kila siku anakaa hapo tangu asubuhi, na goti lake likiwa limeelekea moja kwa moja kwenye lile tumbo.

Tangu siku hiyo sikumpa Baba raha. Nilimwambia tununue mashine nyingine, hii imezeeka. Akasema hata yeye amezeeka, mbona hatumbadilishi. Nikasema mota inanuka, akasema mota hubadilishwa. Nikasema pampu imechoka, akasema pampu ameshaifungua na ringi zake bado zina miaka. Mashine, alisema, ni tangi. Hayo mengine ni mapambo. Na tangi letu limetolewa maji kila siku ya Mungu, sasa kutu itoke wapi? Hapo niliokota msasa nikatoka nje. Si kwamba jibu sikuwa nalo.

Mwishowe niligoma. Nikavua ovaroli nikaitundika, nikasema sipulizi rangi kwa bunduki inayotema mate, na mwuguzi akija gari lake wampe Babu alimalizie. Siku nzima nilikaa uani nikimsaidia Mama kufua, na kila Babu alipowashwa kule ndani niliacha kufua mpaka alipozima. Nilihesabu. Mara ishirini na moja. Jioni Mama akaingia kati, akamwambia Baba kwamba nyumba hii ina mtu mmoja tu anayejua kupuliza rangi, na kwa sasa mtu huyo anafua mashuka. Baba akakubali kwa shingo upande. Akasema kesho yake tutaenda kutazama, kutazama tu.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo na taa nyingi. Muuzaji alituwekea mbele mashine nyekundu inayong'aa, akasema hiyo inaweza kupaka rangi basi zima bila kupumzika. Nikamwuliza inasukuma upepo kiasi gani kwa dakika. Akainama akasoma kibandiko, akaniambia lita hamsini. Nikamwambia hiyo ni nafasi ya tangi, mimi nauliza kasi, maana bunduki yangu inakunywa lita mia mbili na hamsini kila dakika, sasa hilo basi tutalipaka kwa wiki ngapi? Akamgeukia Baba akamwuliza kama ana swali. Baba akamwambia mwenye maswali ni mimi, yeye amekuja kama dereva.

La pili lilikuwa ua wa mashine zilizotumika. Hapo, kaka, ndipo nilipoonja kifo. Palikuwa na mashine kubwa, tangi la lita mia tatu, rangi ya bluu mpya kabisa. Baba aliipenda kwa macho. Akanipa spana, kwa sababu yeye kuinama hawezi, akafumba macho yake kama anavyofanya, akaniambia gonga. Nikagonga juu. Akatikisa kichwa kukubali. Nikagonga ubavuni, akakubali. Nikaingia chini nikagonga tumbo, likasema dup, sauti ile ile niliyoiacha nyumbani. Baba akafumbua macho. Alimwambia muuzaji kwamba tangi hilo limeoza na kupaka rangi juu ya uozo ni kumtafutia mtu jeneza. Akasimulia habari ya fundi mwenzake wa ujanani, aliyepasukiwa na tangi dogo kuliko lile, karakana ikabaki haina mlango wala paa, na yeye mwenyewe akatafutwa vipande vipande.

Muuzaji akajitetea, akasema mashine zote za umri ule zimekula kutu kidogo, ni kawaida. Baba akaniita nitoke chini. Akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote pale uani, akasema mashine yetu ni kongwe kuliko ile, na tangi lake ni zima, kwa sababu binti yake huyu hajaruka jioni hata moja. Yule muuzaji akanitazama kwa heshima. Nilikuwa bado nimeshika ile spana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na spana yangu.

Sitakuchosha na habari za duka la tatu. Tuliipata tuliyoitaka: mpya, ya mkanda, pistoni mbili, tangi la lita mia na hamsini, inasukuma lita mia tatu kwa dakika, na inatumia umeme wa nyumba ya kawaida bila kuzima taa za jirani. Baba aliijaribu kama mtu anayeposa. Akaishikia saa mpaka ilipojaa. Akanituma kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo nitazame kama linatoa mapovu. Kisha akanituma chini nifungue koki, akasimama juu yangu akiuliza kimetoka nini. Nikamwambia upepo na tone moja. Akasema vizuri, akasema koki ni nyepesi, haitanisumbua jioni. Nilibaki kule chini kidogo, nikajifanya nakaza kitu, mpaka uso ukatulia.

Mashine ilipofika nyumbani nilivuta pumzi. Nikasema yamekwisha. Babu ataenda kwenye vyuma chakavu, atayeyushwa, siri itayeyuka naye. Sikumwachia mtu mwingine amguse. Nilimsukuma mwenyewe kwa magurudumu yake mpaka kona ya gereji, na Jumatatu Baba alipotoka nikamwita haraka mnunuzi wa vyuma chakavu. Jamaa alikuja na mkokoteni wake. Tulikuwa tumeshamfunga Babu kamba, anapanda, nusu yake iko juu ya mkokoteni, ndipo Baba akatokea langoni. Sijawahi kumwona Baba akitembea kwa kasi ile tangu aumie. Alimfukuza yule mtu kwa maneno ambayo siwezi kukuandikia, akamfungua Babu kamba kwa mikono yake. Kisha akaniambia, huku akihema, kwamba mashine ile si ya kuuzwa kwa kilo. Ni yako wewe, kaka. Ameshakupigia simu. Kaka mtu anaanza gereji nyumbani kwake, anaazima upepo kwa majirani, halafu mimi namuuza Babu kama chupa tupu?

Nilimwambia mota imekufa. Akasema juzi ilikuwa inafanya kazi. Nilimwambia usafiri ni ghali, akasema dereva wa saruji ni rafiki yako tangu shule, anaibeba bure. Nilimwambia wewe unahitaji mashine mpya, usipewe makombo. Hapo Baba aliitupa ile kamba chini. Akasema hakujua kama amelea mtoto wa kumwonea ndugu yake kijicho. Mama naye akanifuata kwenye kamba ya nguo, akaniuliza tangu lini nimeanza kukupimia, mimi niliyebebwa mgongoni kwako mpaka darasa la pili. Nikayameza yote, kaka. Nilipofungua mdomo kujitetea, kilichokuwa tayari kutoka ni ukweli, na ukweli niliuogopa kuliko hilo jina la mwenye kijicho.

Sasa nifike pale pale.

Kaka, Babu hajakojoa kwa miaka mitatu.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya wewe kuhama. Baba amelazwa, goti limepasuliwa, na funguo za gereji ziko kiunoni kwangu. Unakumbuka zilivyofika hapo. Baba alitaka afunge gereji mpaka apone, watu wote walimwambia msichana ataharibu vifaa, na wewe ukasimama sebuleni ukasema niachiwe, na kama nikiharibu kitu chochote ulaumiwe wewe. Jioni moja koki ikakwama. Sikuwa na subira. Nikachukua ile spana ndefu ya mabomba, nikachomeka na bomba juu yake nipate nguvu, nikaning'inia. Ikakatika. Kichwa cha koki kikabaki mkononi kwangu, shina likabaki ndani ya tangi, linavuja upepo. Nilihangaika nalo mpaka giza likaanza kuingia, halikutoka. Asubuhi kulikuwa na wateja wawili wananingoja. Nikaziba lile tundu kwa gundi ya chuma, ikakauka, nikapaka rangi juu. Ikashika. Ingeshindwa siku ile, leo nisingekuandikia haya.

Niliapa nitamwambia Baba akitoka hospitali. Jumamosi akaja na magongo yake, majirani wamejaa sebuleni kumpa pole, na kabla hajakaa akauliza kama Babu amekojoa. Watu wakacheka. Wote wakanitazama mimi. Nikasema ndiyo. Baba akajikokota mpaka gereji, na kwa sababu kuinama hawezi, akatazama sakafu. Ilikuwa kavu. Nikasema nimeshapiga deki.

Kesho yake jioni, kabla hajaja, nilichota maji kwenye kile kikombe cha bati cha bluu kilichong'oka mpini, nikayamwaga chini ya tangi. Baba akaja, akaona maji, akasema ahsante, mama. Hivyo tu. Na kila jioni tangu siku ile, kaka. Nilijifunza hata kutia tone la oili ndani ya kikombe ili maji yaonekane ya kweli. Miaka mitatu namwaga, miaka mitatu ananishukuru. Nilikuwa najiambia nitasema Jumapili. Nitasema koki mpya ikipatikana. Nitasema goti likipona. Na kila aliposema ahsante, kesho yake ikawa ngumu zaidi.

Sasa unaelewa bunduki ilikuwa inatema maji ya wapi, na kwa nini Babu anajaa upesi na kuisha upesi. Zaidi ya nusu ya tangi ni maji. Nilipomsukuma kwenda konani niliyasikia kwenye viganja, yanakwenda huku, yanarudi huku. Chini ya maji hayo chuma kimeliwa mpaka sijui kimebaki unene gani. Huenda umebaki wa bati, huenda ni rangi tu. Huyo ndiye niliyemwachia Baba akae naye hatua mbili. Na huyo ndiye uliyemwagia zege ukutani kwa jiko, shemeji anapika upande wa pili, na mtoto wako anakuja na kitambaa chake kichwani kutazama fundi anavyofanya kazi. Uliposimama sebuleni ukasema ulaumiwe wewe, hukujua ulichokuwa unakiwekea sahihi. Nisamehe, kaka. Sina kisingizio. Niliogopa kuonekana mimi ndiye yule msichana waliyemsema.

Nimesimama hapa kalamu mkononi nikafikiri. Nilikusudia kumpa dereva barua hii kesho alfajiri pamoja na mashine, nimwambie akupe barua kwanza. Lakini namjua huyo rafiki yako. Anaweza kuisahau mfukoni, mkateremsha mashine kwa shangwe, mkaijaza upepo mkiwa mnacheka, halafu ndiyo akakumbuka kwamba kuna barua. Na wewe nakujua zaidi. Hata ukipewa, utaisoma ukiwa umeshachomeka waya. Barua ni karatasi tu, haiwezi kukushika mkono.

Baba yuko gereji sasa hivi. Namsikia anapiga mluzi. Tangu mchana anamfuta Babu kwa kitambaa na mafuta ya taa, anasema akufikie akiwa msafi, usije ukadhani umepewa takataka. Nikimaliza kutia sahihi naenda kumwambia. Kwa hiyo ukiipata barua hii bila mashine, ujue nimesema. Ukiipata pamoja na mashine, ujue miguu ilinishinda, na uniite jina lolote utakalo, lakini usiiwashe.

Msalimie shemeji, mwambie namwombea afya. Mtoto mbusu kwenye kile kitambaa chake. Mama anakusalimu sana, hajui kama nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyemwita

Cheche

Nyongeza, asubuhi ya pili yake.

Barua inakuja peke yake.

Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, maana kuingia ndani nilishindwa. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, koki, gundi, kikombe. Mluzi ulikatika. Baba hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alinyoosha mkono akachukua spana namba kumi na saba, akanipa, akafumba macho. Nikalala chini nikagonga. Aliposikia ile dup akaniambia nigonge tena. Nikagonga tena. Akasema tena. Nadhani niligonga mara kumi. Kisha akaniambia nilete kikombe. Nikakileta. Akakigeuza geuza, akaona ule mstari wa oili uliokauka ndani, akapitisha kidole gumba juu yake. Swali lake lilikuwa moja tu, kama wewe ulikuwa unajua. Nikamwambia hapana.

Upepo haukuwemo ndani, kwa hiyo akaniambia nichukue drili nitoboe tumbo. Drili ilizama kabla hata sijaegemea. Yakatoka maji ya rangi ya chai, mazito, yananuka, yakafika mpaka mlangoni, mpaka Mama akaja mbio akidhani bomba la barabarani limepasuka. Baba akamweleza kwa maneno machache. Mama alinitazama, akaenda kuchukua ufagio, akarudi, akaanza kuyafagia yale maji. Nikachukua ufagio wa pili.

Zege lako usilivunje. Baba amesema pampu na mota ya Babu bado ni nzima, tutatafuta tangi tuziweke juu yake, na mimi ndiye nitakayeligonga na yeye ndiye atakayesikiliza, na halitakuja kwako mpaka aridhike. Amesema yeye hatakupigia simu kukueleza, aliyeanza kuandika amalizie mwenyewe. Ndiyo namaliza.

Lakini kuna hili moja. Jana ile ile, baada ya maji kukauka, ulifika wakati wa kufunga gereji. Mashine mpya ilikuwa imepuliza mlango wa yule mwuguzi, na mlango umetoka safi kabisa. Nikasimama pembeni ya tangi nikingoja Baba aulize swali lake la kila jioni. Hakuuliza. Aliegemea ukuta kwa mkono mmoja, akakunja kwanza mguu ulio mzima, halafu akalipinda lile goti. Nililisikia likilia. Akashuka mpaka sakafuni, akapapasa chini ya tangi, akaifungua koki mwenyewe. Nikasogea nimsaidie, akainua kiganja nisimame nilipo. Matone mawili matatu yakadondoka, upepo ukatoka wote, akaifunga.

Kuinuka alishindwa. Alikaa pale kidogo akitazama ule mlango wa gari, kisha akanipa mkono. Nikamshika kiwiko na kwapa, nikamwinua taratibu mpaka akasimama. Akajipangusa goti, akazima taa, tukatoka. Leo jioni nitakuwa pale pale nimsaidie kuinuka.